Unapoagiza antre, unaagiza nini?

Ni jambo la kawaida siku hizi kwa mkazi wa Kisii au Nyamira kualikwa kwenye semina, harusi au mkutano wa chama cha akiba, na kukabidhiwa orodha ya vyakula iliyojaa majina ya kigeni. Wengi huona haya kuuliza. Huashiria kwa kidole, kisha husubiri kuona kitakacholetwa.

Mojawapo ya majina hayo huandikwa entrée na kutamkwa antre. Ni neno la Kifaransa. Ukimwuliza mpishi aliyejifunza kazi kwa vitabu vya zamani vya Kiingereza atakupa maana moja, mgeni kutoka Ufaransa atakupa nyingine, na ndugu aliyerudi likizo kutoka Marekani atakupa ya tatu. Ajabu ni kwamba wote watatu wako sahihi.

Kwa mtu mwenye afya njema, kuchanganya maana hizo huishia kwenye kicheko au bili kubwa. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye amekwisha kudungwa sindano yake, halafu akaletewa kisahani kidogo badala ya mlo kamili, yuko hatarini. Hali kadhalika yule aliyeshauriwa kupunguza uzito, akaagiza kile alichodhani ni kionjo tu, akaletewa sinia.

Somo letu wiki hii litafuata safari ya neno hili, kisha tuone linatufundisha nini kuhusu sahani ya ugali na mboga tunayoijua sisi.

Neno lilikotoka

Antre limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuingia. Msomaji akifika Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, atalikuta neno hilo hilo limeandikwa juu ya mlango wa hospitali au ofisi. Hapo halina uhusiano wowote na chakula. Linamwonyesha mtu pa kuingilia tu.

Kwenye karamu za Ufaransa za karne ya 16, neno hili lilitumiwa kwa vyakula vilivyofungua mlo. Vilikuwa mlango wa meza. Kufikia hapo jina na kazi yake vilikuwa vinapatana.

Katika karne ya 17 na ya 18, matajiri wa Ufaransa walikuwa wakiandaliwa vyakula vingi kwa pamoja. Meza ilijazwa, watu wakala, ikaondolewa, kisha ikajazwa upya kwa awamu ya pili. Antre zilikuwa katika awamu ya kwanza pamoja na supu. Nyingi zilikuwa nyama moto zenye mchuzi mzito. Nyama ya kuoka kwenye moto ilingojea awamu ya pili.

Kwa hiyo watu wakazoea kuliita antre pishi la nyama yenye mchuzi. Taratibu neno likaanza kutaja aina ya pishi, wala si nafasi yake katika mlo peke yake. Huo ndio mwanzo wa mkanganyiko.

Jinsi maana ilivyohama

Karne ya 19 ilileta desturi mpya iliyoigwa kutoka Urusi. Badala ya kuijaza meza kwa mpigo, vyakula vililetwa kimoja baada ya kingine. Supu ikatangulia, samaki akafuata, kisha antre, halafu nyama kubwa ya kuoka. Chakula kilichoitwa "kuingia" sasa kilikuwa cha tatu au cha nne, lakini hakuna aliyejali kubadili jina.

Katika karne ya 20 watu walipunguza idadi ya vyakula katika mlo mmoja. Muda ulikuwa mfupi, wapishi wa nyumbani walikuwa wachache, na vita vikuu viwili vilifundisha watu kubana matumizi. Hapa ndipo njia zilipoachana.

Ufaransa ililirudisha neno kwenye maana yake ya asili. Huko antre leo ni kitangulizi: saladi, yai au kipande kidogo cha samaki kabla ya mlo mkuu. Marekani ilifanya kinyume. Nyama kubwa ya kuoka ilipoondolewa katika mpangilio, pishi zito lililobaki lilikuwa ile antre ya nyama. Likabaki na jina lake, likawa ndilo mlo mkuu.

Msomaji anaweza kuyakumbuka mambo haya kwa muhtasari ufuatao:

Ufaransa: antre ni kitangulizi.

Australia: ni kitangulizi vilevile, na baada yake huja mlo mkuu.

Marekani: ni mlo mkuu wenyewe.

Kanada: wanaozungumza Kiingereza kwa kawaida humaanisha mlo mkuu, na wanaozungumza Kifaransa katika jimbo la Quebec humaanisha kitangulizi.

Uingereza: katika vitabu vya zamani ni pishi lililoletwa baada ya samaki na kabla ya nyama ya kuoka. Siku hizi halitumiki sana huko.

Kutoka Nyamira hadi Minnesota

Huenda msomaji akauliza: haya yananihusu nini mimi ninayekula kwangu, Keroka au Ogembo?

Yanatuhusu kwa sababu watu wetu wamesafiri. Jimbo la Minnesota nchini Marekani, hasa viunga vya mji wa Minneapolis kama Brooklyn Park, lina jamii kubwa ya Abagusii. Wengi wao hufanya kazi za afya. Wapo wauguzi, na wapo wanaohudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za kutunzia.

Katika nyumba hizo kila mkazi huandaliwa chakula kulingana na hali yake, na mhudumu huandika kiasi alichokula. Kadi ya chakula ikitaja antre, kwa desturi ya Marekani inamaanisha lile pishi la nyama, samaki, mayai au maharagwe ambalo ndilo kiini cha mlo. Ndilo lenye sehemu kubwa ya protini ya siku hiyo.

Chukua mfano wa mhudumu mgeni anayedhani antre ni kionjo. Mzee akiikataa, mhudumu huyo anaweza kuona ni jambo dogo, maana mlo mkuu bado unakuja. Kumbe hakuna kingine kinachokuja. Mzee asiyepata protini ya kutosha siku baada ya siku hupoteza misuli, huchelewa kupona vidonda na huanguka kwa urahisi. Ikiwa ni mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kudungwa insulini ya chakula hicho, sukari yake inaweza kushuka vibaya.

Mfano wa pili ni wa mgeni anayerudi nyumbani kutoka huko. Anaagiza antre katika hoteli iliyozoea mtindo wa Kifaransa, anaanza kumeza dawa zake, kisha analetewa majani ya saladi na nusu yai. Kabla ya kumeza dawa inayokwenda na chakula, ni vyema kukiona chakula chenyewe kwanza.

Maneno yetu pia yamehama

Tusiwacheke wageni. Nasi tunayo maneno yaliyohama.

Chukua neno hoteli. Asili yake ni Kifaransa pia, na kwa nchi nyingi ni mahali pa kulala wasafiri. Hapa Kenya, mtu anayesema anakwenda hotelini saa saba mchana anakwenda kula. Banda lenye meza mbili na sufuria ya chai karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii huitwa hoteli, ingawa halina kitanda hata kimoja. Isitoshe, hoteli na hospitali ni maneno ya ukoo mmoja. Yote mawili yanatoka katika neno la Kilatini la kumkaribisha mgeni, na hospitali kongwe ya mji wa Paris huitwa Hôtel-Dieu hadi leo.

Lakini lililohama kwa namna inayogusa afya zaidi ni neno mboga. Katika Kiswahili sanifu mboga ni majani na mimea tunayopika. Kwa watu wengi wa Kenya, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Ukiuliza "Leo mboga ni nini?" unaweza kujibiwa "Nyama" au "Omena", na hakuna anayeshangaa.

Neno kitoweo nalo lina funzo. Linatokana na kutowea, yaani kula ugali au wali pamoja na kitu cha kuuteremshia. Kwa hiyo ugali ndio mwenye mji, na kilicho kando yake ni msindikizaji. Katika Ekegusii ugali ni obokima, na wapo watu waliokula wali, mkate na hata viazi wakashiba, lakini wakiulizwa husema bado hawajala kwa kuwa hawajaona obokima.

Mpangilio huo wa maneno huonekana pia katika sahani. Kinachoitwa chakula hupewa nafasi kubwa. Kinachoitwa msindikizaji hupewa pembe. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na serikali mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya Wakenya tisa katika kila kumi walio watu wazima hawali mboga na matunda mara tano kwa siku inavyoshauriwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 kwa siku. Hii ni ajabu katika nchi yenye milima ya kijani kama Kisii na Nyamira, ambako mgomba na mboga huota hadi ukingoni mwa barabara.

Kinachotangulia tumboni

Hapa ndipo maana ya kwanza ya neno antre, ile ya kuingia, inapotufaa. Wataalamu wamegundua kwamba kile kinachoingia kwanza tumboni hubadilisha namna mwili unavyokipokea kinachofuata.

Mwaka wa 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, mjini New York, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliwachukua watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili na unene wa kupita kiasi. Siku moja waliwapa mkate na maji ya machungwa kwanza, kisha baada ya dakika 15 wakawapa kuku na mboga. Wiki moja baadaye waliwapa chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, lakini kuku na mboga zilitangulia.

Mboga na kuku zilipotangulia, sukari katika damu ilikuwa chini kwa asilimia 29 baada ya nusu saa, asilimia 37 baada ya saa moja na asilimia 17 baada ya saa mbili. Hakuna chakula kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Watu 11 ni wachache, na jaribio moja halitoshi kujenga sheria. Hata hivyo, watafiti wa Japani nao wamepata matokeo yanayoelekea upande huo huo kwa kutanguliza mboga kabla ya wali.

Sababu yake haina fumbo. Nyuzinyuzi za mboga na protini hulifanya tumbo litoe chakula polepole kuelekea utumbo mdogo. Wanga unaofuata haufiki kwa mkupuo, na sukari huingia katika damu taratibu. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Sahani ya nyumbani

Huna haja ya kununua saladi ya hotelini ili ufuate mpangilio huu. Kisii na Nyamira zimejaliwa antre za asili.

Chinsaga, ambayo wengine huiita saga au mgagani, ndiyo mboga inayoheshimiwa zaidi na Abagusii, na kwa desturi hupewa mama aliyejifungua. Ipo rinagu, yaani managu au mnavu. Yapo pia majani ya maboga yanayoitwa risosa, na ipo enderema. Mboga hizi za kijani kibichi zina madini ya chuma na chokaa, na vitamini A na C.

Zingatia mambo haya:

1. Gawa sahani. Nusu iwe mboga, robo iwe ugali au wanga mwingine, na robo iwe nyama, samaki, mayai, maharagwe au dengu. Kipande cha ugali kisizidi sana ngumi yako iliyofungwa.

2. Anza na mboga. Kula sehemu kubwa ya mboga na kitoweo cha protini kwanza, kisha malizia na ugali. Ikiwa kula mboga bila ugali kunakushinda, anza na vijiko vichache na uongeze siku hadi siku.

3. Ndizi mbichi ya kupika si mboga. Ritoke, viazi, viazi vitamu na mihogo ni wanga kama ugali. Anayekula matoke kando ya ugali amekula wanga mara mbili, hata kama sahani inaonekana ya rangi mbalimbali.

4. Usiichemshe mboga hadi ikapoteza nguvu. Chinsaga ni chungu, na kwa desturi huchemshwa kwa muda mrefu, maji yakamwagwa, kisha ikapashwa moto tena na tena. Vitamini C huharibika kwa joto na huondoka na maji hayo. Ni afadhali kuchemsha kwa muda mfupi na kupunguza uchungu kwa maziwa. Mafuta yaliyo katika maziwa husaidia mwili kufyonza vitamini A.

5. Ahirisha chai. Sisi ni watu wa majani chai, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga. Subiri saa moja hivi. Kipande cha chungwa au limau pamoja na chakula hufanya kinyume, husaidia chuma kuingia. Kwa wanawake wajawazito na wasichana, jambo hili ni la maana sana.

6. Punguza chumvi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo katika mkate na viungo vya dukani.

Wanaopaswa kuwa waangalifu

Ushauri huu haumfai kila mtu kwa namna moja.

Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamaidi, asipunguze ugali ghafla kabla ya kuzungumza na daktari. Dawa hizo hupimwa kulingana na chakula. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari hushuka.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, njaa kali na kuchanganyikiwa. Wakati huo usianze na mboga. Kinachopaswa kuingia kwanza ni sukari: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha subiri dakika 15 na urudie ikiwa hali haijatengemaa. Baada ya hapo kula chakula cha kawaida. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Akimbizwe hospitalini.

Mgonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kuongeza mboga za majani, kwa kuwa nyingi zina potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuiondoa.

Mtoto mdogo naye ana tumbo dogo. Akijazwa mboga kwanza anaweza kushiba kabla hajapata nguvu za kutosha kukua. Mtoto apewe chakula kilichochanganywa vizuri, tena mara kadhaa kwa siku.

Ukiwa hotelini

Unapokutana na neno antre katika orodha ya vyakula, uliza maswali matatu bila aibu. Je, hiki kinakuja kabla ya mlo mkuu au ndicho mlo mkuu? Kinaletwa pamoja na nini? Ni kiasi gani? Mhudumu mzuri hachukii kuulizwa, na usimeze dawa ya chakula hadi upate jibu.

Nao wenye hoteli mjini Kisii, Nyamira, Keroka na kwingineko wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Waandike kwa Kiswahili: kitangulizi, mlo mkuu, kitindamlo. Wataje ikiwa mboga ni sehemu ya bei au huagizwa kando. Ikiwa mchuzi una sukari au chumvi nyingi, mteja aambiwe. Heshima ya hoteli haitapungua kwa mgeni kuelewa anachokula.

Maswali ya kujipima

1. Ndugu yako anayefanya kazi katika nyumba ya wazee huko Minnesota anaambiwa mkazi hakugusa antre. Mkazi huyo amekosa kionjo au mlo mkuu?

2. Sahani ina ugali, matoke na kipande kidogo cha nyama. Ina mboga kiasi gani?

3. Mgonjwa wa kisukari anatetemeka na kutokwa na jasho kabla ya chakula cha mchana. Aanze na chinsaga?

Majibu: Swali la kwanza, amekosa mlo mkuu, na muuguzi aarifiwe. Swali la pili, haina mboga hata kidogo, kwa kuwa ugali na matoke ni wanga na nyama ni protini. Swali la tatu, hapana. Aanze na sukari, na chinsaga ingoje hadi atakapopata nafuu.

Ukishindwa na swali la pili, usihofu, wengi hushindwa nalo. Leo jioni iangalie sahani yako kabla ya kunawa mikono, uhesabu ni pembe ngapi zimeshikwa na mboga. Ikiwa ni moja tu, unajua pa kuanzia.